Kabla Hujapeleka Karatasi Zako kwa Wakili: Mwongozo Kamili wa Kuthibitisha Nyaraka Tanzania Bara

Muhuri wa wakili hauthibitishi kwamba yaliyoandikwa kwenye karatasi ni kweli. Unathibitisha jambo dogo kuliko hilo, ingawa ni zito: kwamba mtu fulani aliyetambuliwa alifika mbele ya ofisa mwenye mamlaka, siku fulani na mahali fulani, akaapa au akasaini, au kwamba nakala hii imelinganishwa na cheti halisi na zimefanana. Ukilishika hilo, karibu kila sharti utakaloambiwa ofisini utalielewa: kwa nini uje mwenyewe, kwa nini ubebe cheti halisi, kwa nini usisaini ukiwa nyumbani. Na utaona kwamba kazi kubwa ni ile unayoifanya kabla hujafika kwa wakili.

Ninayoandika hapa yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na chama chake cha mawakili, na kwa wenzetu wa Kenya kamishna wa viapo (anayeapisha) na notari (anayethibitisha hati na saini) ni nafasi mbili tofauti, hivyo si kila wakili wa Nairobi anaweza kukufanyia kazi ya notari. Kwetu Bara mambo ni mepesi kidogo: wakili mwenye leseni hai kwa kawaida huwa pia notari na kamishna wa viapo, ndiyo maana muhuri wake hubeba vyeo vyote vitatu.

Hatua ya kwanza: jua unataka kuthibitishiwa nini

Watu wengi huingia ofisini wakisema "naomba kugongewa muhuri." Karani atakuuliza: muhuri wa nini? Ziko kazi tatu tofauti, na ukichanganya utarudishwa.

Kuna kuthibitisha nakala, ambako wengi husema kusertifai. Unaleta cheti halisi na kivuli chake, wakili analinganisha, anaandika kwamba ni nakala sahihi, anasaini. Hivi ndivyo vyeti vya kuzaliwa na vya shule vinavyoambatishwa kwenye maombi ya kazi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema wazi kwamba cheti cha kuzaliwa kiwe kimethibitishwa na mwanasheria au wakili.

Kuna hati ya kiapo, au afidaviti. Hapa wewe ndiye msemaji: unaeleza mambo unayoyajua na kuapa kwamba ni ya kweli. Kiapo cha kuzaliwa, kiapo cha kupotelewa na cheti, kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, kiapo cha kutokuwa na ndoa kwa anayekwenda kuolewa au kuoa nje, vyote viko kundi hili.

Halafu kuna kushuhudia saini kwenye hati inayofunga watu: mkataba wa mauziano ya kiwanja, mkataba wa mkopo, uhamisho wa milki, hati ya uwakilishi, fomu za BRELA za kuandikisha kampuni.

Kabla hujatoka nyumbani, pigia simu au nenda kwenye ofisi itakayopokea hati hiyo, uliza mambo matatu: wanataka ipi kati ya hizo, wana fomu yao au maneno yao maalumu, na nani wanamkubali kuthibitisha. Benki moja itataka fomu yake yenyewe, nyingine itaridhika na kiapo kilichoandikwa na wakili wako. Fomu ya mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ina nafasi yake ya kamishna wa viapo, na cheti cha kuzaliwa cha mwombaji huyo huyo hakitoshi kugongwa muhuri na wakili, kwa sababu Bodi hutaka kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na uhakiki huo huombwa kwa njia ya mtandao. Kila mwaka wapo vijana wanaolipia wakili kwa jambo ambalo ni la RITA, wakaja kugundua siku za mwisho za dirisha la maombi. Inauma, maana simu moja ingemaliza.

Hatua ya pili: hakikisha aliye mbele yako ana mamlaka

Sheria ya Notari na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, ndiyo inayotoa mamlaka haya. Mwanasheria na wakili ni watu wawili tofauti. Aliyemaliza shahada ya sheria, hata kama ana ofisi na koti zuri, si wakili mpaka apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School) au asamehewe kisheria, aapishwe na Jaji Mkuu, na aandikwe kwenye orodha ya mawakili akapewa namba. Hata aliyeandikwa lazima awe na leseni ya mwaka husika, nayo huisha tarehe 31 Desemba. Januari ni mwezi wa kuwa macho, maana wapo wanaochelewa kuhuisha huku mihuri yao ikiendelea kugonga.

Kuangalia ni rahisi siku hizi. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili ambao mtu yeyote mwenye simu anaweza kuufungua, akaandika jina la wakili au namba yake, akaona kama yuko hai, amesimamishwa, au hajahuisha leseni. Fanya hivyo kabla ya kulipa. Vishoka, yaani mawakili bandia, wapo, na wengi hukaa palepale nje ya mahakama na ofisi za serikali, mahali penye haraka na wasiwasi. Muhuri wa mpira unachongwa kwa fundi yeyote, kwa hiyo kuwa na muhuri si ushahidi wa kitu.

Hakimu naye anaweza kupokea kiapo, na kwa watu walio mbali na miji, Mahakama ya Mwanzo mara nyingi ndiyo mahali pa karibu na pa gharama nafuu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji wa kijiji anaweza kukuandikia barua ya utambulisho na anaweza kuwa shahidi kwenye mkataba, ila hawezi kukuapisha. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 watakushauri bure na kukuelekeza, nao pia hawaapishi.

Kuna kikwazo kimoja ambacho raia wengi hawakijui. Kamishna wa viapo haruhusiwi kuapisha katika shauri ambalo yeye mwenyewe ni wakili wa upande mmoja au ana maslahi nalo. Wakili anayekutetea kesi yako ya ardhi akikuandikia kiapo cha kupeleka mahakamani, inabidi uapishwe na wakili mwingine. Akikuambia "nitakugongea mwenyewe tumalize," mkumbushe kwa adabu. Upande wa pili wakigundua, pingamizi litakuja, na hasara ni yako.

Hatua ya tatu: linganisha majina yako, herufi kwa herufi

Hapa ndipo panapokwamisha watu kuliko pengine popote, kwa hiyo tulia nami.

Toa vyote ulivyonavyo uvitandaze mezani: kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha ndoa, pasipoti, leseni ya udereva. Soma jina kwenye kila kimoja kwa sauti, herufi baada ya herufi. Zainab na Zainabu. Mohamed na Mohammed. Majina mawili kwenye cheti cha shule, matatu kwenye NIDA. Jina la babu upande mmoja, jina la ukoo upande mwingine. Kwetu ni mambo ya kawaida, kwa kuwa mwalimu mkuu aliandika alivyosikia na karani wa usajili akaandika alivyojua. Kwa kompyuta ya ofisi, hao ni watu wawili.

Kagua na tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na zile 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ukiapa kwamba ulizaliwa 1991 na namba yako inaanza na 1989, mpokeaji ataona kabla hajamaliza kusoma aya ya kwanza.

Tofauti ndogo za herufi au mpangilio hutatuliwa kwa kiapo cha majina: unaeleza kwamba jina hili lililo kwenye cheti namba fulani na jina lile lililo kwenye kitambulisho namba fulani ni lako wewe mmoja. Andika majina yote kama yalivyo kwenye kila hati pamoja na namba za hati zenyewe, usiandike tu "majina yangu mengine."

Jina likiwa limebadilika kabisa, kiapo hakitoshi. Unahitaji hati ya kubadili jina, ile watu wa ofisini wanayoiita didipoli, ambayo wakili huiandaa na kisha husajiliwa kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117. Hati ya namna hiyo iliyoishia kwa wakili bila kusajiliwa ni kazi iliyofika nusu, na waajiri wa serikali wanalijua hilo. Mwanamke aliyechukua jina la mume mara nyingi cheti cha ndoa kinamtosha.

Na kama kosa liko kwenye cheti chenyewe, nenda ukarekebishe palepale kilikotoka: RITA kwa cheti cha kuzaliwa, NIDA kwa kitambulisho. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakirundika viapo juu ya viapo kwa kosa moja la karani, kila ofisi kiapo chake, miaka nenda rudi. Rekebisha chanzo mara moja, gharama yake ni ndogo kuliko viapo vyote hivyo.

Kuthibitisha nakala za vyeti

Beba cheti halisi. Wakili mwaminifu hatakugongea nakala bila kuona halisi, na anayekubali kufanya hivyo anakuuzia karatasi yenye wino tu. Kama halisi kimepotea, anza na taarifa ya upotevu ya polisi, kisha kiapo cha kupotelewa, kisha uombe kingine kwa aliyekitoa.

Piga kivuli kinachosomeka chote, pamoja na pembe zenye namba za cheti au mihuri ya rangi, na upande wa nyuma kama una maandishi. Muhuri ugongwe kwenye nakala, kamwe usigongwe kwenye cheti halisi. Wapo makarani wenye haraka wanaochanganya, simama ukiangalia. Kwenye nakala lazima ionekane: maneno kwamba ni nakala sahihi ya halisi, jina la wakili linalosomeka, saini yake, tarehe, na anuani. Hati ya kurasa nyingi, kila ukurasa uwe na alama yake.

Nakala iliyothibitishwa ukiitoa kivuli, kile kivuli kipya hakijathibitishwa. Ukitaka kupeleka sehemu nne, thibitisha nne. Kwa maombi ya mtandaoni skani ile yenye muhuri kwa rangi, wino wa bluu au mwekundu uonekane. Baadhi ya ofisi hutaka tarehe ya uthibitisho iwe ya karibuni, hivyo usithibitishe rundo la kukaa nalo kabatini.

Hati ya kiapo, ambayo ndiyo yenye mitego

Kiapo kinaandikwa kwa mambo unayoyajua wewe mwenyewe. Jambo uliloambiwa, sema uliambiwa na nani na kwamba unaliamini. Maoni, hoja za kisheria, maombi na malalamiko hayana nafasi humo. Mahakama huziondoa aya za namna hiyo, na kilichobaki kikiwa hakijitoshelezi, ombi zima linaanguka.

Fikiria kiapo cha kuzaliwa, ambacho Uhamiaji hukipokea kwenye maombi ya pasipoti pale ambapo cheti cha kuzaliwa hakipo. Hakuna mtu anayekumbuka kuzaliwa kwake. Anayefaa kuapa ni mama, baba, au ndugu mkubwa aliyekuwepo: "Mimi ni mama mzazi wa fulani, nilimzaa tarehe fulani katika hospitali au kijiji fulani, wilaya fulani." Kama wazazi wametangulia mbele ya haki, shangazi au mjomba anayejua anatosha, na aeleze anajuaje. Usimchukue jirani mpya wa kukusaidia tu.

Lugha isikutishe. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, na hati ya kiapo kwa Kiswahili ni halali kabisa hapa nchini. Kama huelewi Kiingereza vizuri, usikubali kuapa kwa Kiingereza. Unaapia maneno, na maneno hayo ndiyo yatakayokufunga. Kiapo cha uongo ni jinai, na uongo wa kiapo katika shauri la mahakamani unaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 7.

Mwanzo wa kiapo hutaja imani yako, na watu hushangaa kwa nini. Sheria ya Viapo na Matamko, Sura ya 34, inamtaka Mkristo aape, na Muislamu au mtu wa imani nyingine athibitishe kwa tamko. Kwa hiyo utasoma "Mimi …, mtu mzima, Mkristo, mkazi wa Mbagala, naapa na kueleza," au "… Muislamu, mkazi wa Tanga, nathibitisha na kueleza." Kama imeandikwa sivyo, sema irekebishwe kabla hujasaini.

Baada ya aya za maelezo huja uhakiki, pale unapotamka kwamba aya namba fulani hadi fulani ni kweli kwa ufahamu wako, na unasaini. Chini yake kabisa ndipo kuna kipande ambacho wenyewe mawakili hukiita jurati. Hiki kisome kwa makini kuliko vyote. Kinakuwa hivi:

*Kiapo hiki kimetolewa hapa Morogoro na …………, ambaye ametambulishwa kwangu na …………, ambaye ninamfahamu mimi binafsi, leo tarehe …… mwezi …… mwaka ……*

*MBELE YANGU: Jina ………… Saini ………… Anuani ………… Wadhifa: Kamishna wa Viapo*

Kifungu cha 8 cha Sura ya 12 kinamtaka ofisa ataje jina lake, mahali na tarehe ya kuapisha. Fomu ya kisheria inataka pia isemwe kama anakufahamu yeye mwenyewe, au umetambulishwa kwake na mtu anayemfahamu. Mahakama ya Rufani imeshatupa maombi kwa sababu ya mapengo kwenye kipande hiki, hata pale ambapo mleta maombi alikuwa na hoja nzuri. Fikiria umesubiri miaka kukata rufaa, halafu inaanguka kwa sababu mtu hakuandika neno "Mwanza."

Kwa hiyo kama wakili hakufahamu, nenda na mtu anayemfahamu, au umwulize mapema atakutambua kwa njia gani. Angalia vilevile jurati isikae peke yake kwenye ukurasa mpya usio na aya hata moja ya kiapo. Karatasi hiyo ni rahisi kuchomolewa na kubandikwa kwenye hati nyingine.

Siku yenyewe

Nenda bila kusaini. Hili naliandika kwa herufi zote za moyoni. Watu husaini nyumbani wakamtuma bodaboda au mdogo wao "akagongeshe," na ofisini wanakubaliwa. Hati hiyo inasema "mbele yangu" wakati hukuwa mbele ya mtu. Siku ikibishaniwa, wewe utaulizwa ofisi ya wakili iko ghorofa ya ngapi.

Vaa uvumilivu pia. Unaweza kukutana na hali hii:

"Mama, saini tu hapa, mheshimiwa amesafiri lakini muhuri ameniachia."

"Hapana mwanangu, nitamsubiri mheshimiwa mwenyewe. Anarudi lini?"

Hilo ndilo jibu. Usigombane, karani naye yuko kazini, ila usisaini.

Ukiwa mbele ya wakili, mpe kitambulisho halisi. Soma hati yote, na kama macho hayaoni vizuri omba usomewe. Asiyejua kusoma anasomewa kwa lugha anayoielewa, anaulizwa kama ameelewa, kisha anaweka dole gumba, na wakili anaandika kwamba alimsomea. Weka saini fupi kwenye kila ukurasa. Nafasi tupu yoyote ijazwe au ipigwe mstari, na palipokatwa kwa kalamu pasainiwe pembeni na wewe na wakili. Hakikisha tarehe ni ya leo. Kurudisha tarehe nyuma "ili iendane na mkataba" ni kughushi, hata kama pande zote mnapendana.

Bei, ulizia kabla ya kukaa kwenye kiti, na utofautishe ada ya kuandaa hati na ada ya kuapisha. Ukienda na hati uliyoandaa mwenyewe vizuri, unalipia kuapishwa tu. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Siku utakapohitaji kuthibitisha kwamba kweli ulifika kwa wakili huyo, risiti itakusemea.

Hati ya uwakilishi na mambo ya ardhi

Hati ya uwakilishi humpa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa jina lako: kuuza, kupangisha, kufuatilia hati wizarani, kutoa fedha benki. Kwa maneno yangu mwenyewe nakuomba uiogope kidogo. Andika mamlaka mahususi: kiwanja namba fulani, kitalu fulani, kazi fulani, mwisho wake lini. Hati inayosema "afanye lolote kwa niaba yangu" imewanyang'anya wazazi nyumba walizojenga kwa jasho. Mzee akiletwa na wanawe kuweka dole gumba, wakili makini atawatoa watoto nje na kuzungumza naye peke yake. Ukiona hilo halifanyiki, wewe uliye mtoto mwema lidai.

Inayohusu ardhi iliyosajiliwa lazima isajiliwe kwa Msajili wa Hati, ndipo mwakilishi aweze kusaini uhamisho. Na jueni jambo hili, ndugu zangu: aliyetoa mamlaka akifariki, hati ya uwakilishi ya kawaida inakufa naye. Kaka anayeendelea kuuza viwanja vya marehemu baba kwa hati aliyopewa baba akiwa hai anauza asichoweza kuuza. Njia pekee hapo ni kufungua mirathi na mahakama iteue msimamizi.

Kwa nyumba ya ndoa, ridhaa ya mke au mume inahitajika kabla ya kuuza au kuweka rehani, nayo iandikwe na kusainiwa mbele ya wakili. Mnunuzi mwenye busara hudai ridhaa hiyo hata akiambiwa muuzaji hana mwenza. Hapo anadai kiapo cha hali ya ndoa.

Kampuni nazo huleta azimio la bodi linalomtaja anayesaini. Bila hilo, wakili hana namna ya kujua unasaini kama nani.

Ushuru wa stempu

Mikataba, hati za uwakilishi na hati nyingine kadhaa hulipiwa ushuru chini ya Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, unaokusanywa na TRA. Viwango hutofautiana, kwa mkataba wa pango ni asilimia 1 ya kodi. Hati isiyolipiwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na adhabu. Lipa mapema, ukiwa bado hujagombana na mtu.

Karatasi zinazokwenda au kutoka nje

Tanzania haimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961, ule wa apostili, ambao Burundi, Rwanda na Oman wamo. Kwa hiyo cheti chako hakiendi nje kwa stempu moja. Kwanza kinahakikiwa na aliyekitoa, kwa mfano RITA au Baraza la Mitihani (NECTA), kisha Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki inathibitisha saini na muhuri wake, kisha ubalozi wa nchi unakokwenda. Uliza ubalozi huo kwanza, maana wapo wanaotaka tafsiri iliyothibitishwa kabla ya yote. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) hutoa huduma ya tafsiri na uhakiki wake, na tafsiri ya rafiki anayejua Kiarabu haitakusaidia.

Aliye Muscat, London au Houston na anataka kumtumia dada yake mamlaka ya kuuza kiwanja Kibaha, njia fupi ni kusaini mbele ya ofisa wa ubalozi wa Tanzania. Ukisaini kwa notari wa Marekani, kumbuka kwamba huko notari kwa kawaida si wakili, na saini yake peke yake haitatambuliwa Wizara ya Ardhi. Itabidi ipande ngazi ya jimbo, ya shirikisho, kisha ubalozi wetu Washington. Maneno yenyewe ya hati yaandikwe na wakili wa hapa nyumbani ndiyo yatumwe huko kusainiwa. Atakuwa anajua namba ya kiwanja iandikwe vipi na Msajili anataka nini.

Ukirudishiwa

Omba uambiwe kasoro ni ipi hasa, ikiwezekana kwa maandishi. Usijaze pengo wala kusahihisha kwa kalamu baada ya wakili kusaini. Hapo unaharibu hati na kujitia kwenye kesi. Kiapo chenye kasoro huandaliwa na kuapwa upya. Kama kosa ni la wakili, mfano hakuandika tarehe au jina lake, rudi kwake na risiti, umwombe afanye tena bila ada. Akikataa, au ukigundua leseni yake ilikuwa imekwisha, malalamiko hupelekwa Kamati ya Mawakili au Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS. Ukigundua uliyemlipa hakuwa wakili kabisa, tunza hati, risiti na ujumbe wa malipo kwenye simu, upeleke polisi pamoja na picha ya muhuri alioutumia, kisha nenda kwa wakili mwenye leseni uanze upya bila kukitumia kile cha kishoka popote.